Udongo wenye risasi: Je, shaka ya muuzaji ni siri yake?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa miezi kadhaa. Nimeona nilitoe hapa kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliye nalo, na kwa sababu nilipowauliza watu ninaowaheshimu, majibu yao yalipingana.

Marehemu baba yangu mdogo aliacha nyumba hapa Dar es Salaam, katika mtaa mmoja wa zamani wa Ilala. Hakujaaliwa kupata mtoto. Warithi ni mjane wake, ambaye fungu lake ni robo, pamoja na sisi watoto wa kiume wa kaka yake. Nyumba ni ndogo, haigawanyiki, kwa hiyo tulikubaliana iuzwe ili kila mtu apate haki yake. Mwenye haja kubwa kuliko sote ni mama mdogo, maana fedha hizo ndizo za kupata pa kuishi na za kujitibu kisukari.

Tatizo liko uani. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba mdogo alikuwa fundi betri. Alikuwa akipasua betri mbovu za magari, maji yake anayamwaga chini ya ukuta, kisha anaziyeyusha sahani za risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Kwa risasi hiyo alifua vichwa vya betri na kuwafulia wavuvi chubwi za nyavu. Sisi watoto tulikuwa tukiokota matone yaliyoganda na kuyachezea kama gololi. Hakuna aliyetukataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Karakana hiyo haipo tena. Pale ilipokuwa pana tuta la mchicha, na kando yake mwembe unaotoa kivuli kizuri.

Mnunuzi amepatikana. Ni kijana mwenye mke na watoto wawili, mdogo bado anatambaa. Walipokuja kuiona nyumba, mkewe alifurahishwa zaidi na ule uwanja wa nyuma. Alisema, "Hapa watoto watapata pa kuchezea."

Usiku huo nilimwambia kaka yangu kwamba ni lazima tumweleze yule kijana habari za betri. Kaka akanijibu, "Mdogo wangu, nani amepima? Unajua kuna risasi kiasi gani pale? Hujui. Mvua za miaka mingapi zimepita? Hujui. Sasa utamwambia nini mtu, kitu usichokijua? Utaivunja bei ya nyumba na haki ya mjane kwa dhana tu, na dhana tumekatazwa."

Hilo ndilo swali ninalolileta mbele yako, msomaji. Aibu ya bidhaa ikijulikana, wajibu wa muuzaji uko wazi. Lakini ikiwa ni shaka tu, je, shaka hiyo ni siri yake au ni haki ya mnunuzi?

Shaka hii inatoka wapi

Pengine wapo watakaosema kwamba nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Kwa hiyo kwanza tuangalie tunazungumzia kitu gani. Risasi ni moja ya yale yanayoitwa madini mazito, pamoja na zebaki, kadimiamu na mengineyo. Tofauti yake na uchafu mwingine ni kwamba haiozi. Jalala la maganda ya ndizi baada ya mwaka ni mbolea, lakini risasi iliyomwagika chini itabaki kuwa risasi kwa mjukuu na kitukuu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Linasema pia kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza kutokana na kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Inamharibia ubongo, na akili iliyoharibika hivyo hairudi. Wala mwembe si tatizo kubwa, kwa kuwa risasi haipandi kwa wingi kwenye tunda. Njia yake kubwa ni vumbi, udongo ulioshika kwenye majani ya mboga, na kidole cha mtoto kinachotoka chini kwenda mdomoni.

Wenzetu wa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, walilijua hili kwa msiba. Bei ya dhahabu ilipopanda, wanavijiji walichimba mawe yenye dhahabu na kuyapeleka nyumbani. Waliyasaga kwa mashine zile zile za kusagia nafaka, wakayakausha na kuyachekecha uani. Mawe yale yalikuwa na dhahabu kidogo na risasi nyingi. Mwaka 2010 madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliitwa kwa sababu watoto walikuwa wakifa kwa degedege kwa wingi usio wa kawaida. Inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baba zao walikuwa wakitafuta riziki ya halali, na mama zao walifanya kazi ile ndani ya nyumba zao wenyewe.

Huna haja ya kwenda mbali hadi Nigeria. Pale Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi katika damu. Akaanza kuuliza maswali ambayo wengi hawakupenda yaulizwe. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini humo iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha fidia ile. Hesabu mwenyewe: kutoka kiwanda kuanza hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyekuwa akitambaa mwaka 2007 amekuwa mtu mzima.

Uani kwa baba mdogo palikuwa na sufuria moja, si kiwanda. Nakubali. Lakini kazi ilikuwa ile ile, na ilidumu kwa miaka mingi zaidi.

Wanaopima hufanya nini na shaka yao

Nilipoona kaka amenishinda kwa neno "hujui", nilimwendea ndugu mmoja aliyesomea mambo ya ardhi, nikamuuliza wao hujuaje. Jibu lake lilinishangaza. Aliniambia kwamba na wao hawajui kwa namna ninayodhani.

Hakuna awezaye kupima kila punje ya udongo. Wanachofanya ni kuligawa eneo kwa miraba, wakachukua sampuli hapa na pale, wakaandika kila moja imetoka mahali gani na kina gani, kisha wakazipeleka maabara. Kati ya sampuli moja na nyingine inabaki nafasi ambayo mkono haukufika. Hapo wanakadiria. Msingi wa makadirio yao ni jambo ambalo kila mkulima analijua: udongo wa karibu hufanana kuliko udongo wa mbali. Sampuli iliyo jirani hupewa uzito mkubwa, ya mbali hupewa uzito mdogo, na hesabu hiyo hutoa ramani yenye rangi, nyekundu panapotisha na kijani panaporidhisha.

Njia mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo imebeba jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akitafuta namna ya kukadiria dhahabu iliyo chini ya ardhi ya Witwatersrand kwa sampuli chache. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron akaikamilishia misingi yake ya kihesabu. Kwa hiyo hesabu iliyobuniwa kutafuta dhahabu ndiyo inayotumika leo kutafuta sumu.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mtaalamu mwaminifu hatoi ramani moja, hutoa mbili. Ya kwanza inaonyesha anachokadiria kuwa kipo. Ya pili inaonyesha ni wapi makadirio yake yana nguvu na ni wapi ni dhaifu kwa sababu sampuli zilikuwa chache. Kwa maneno mengine, anachora ujuzi wake na anachora pia ujinga wake, kisha anamkabidhi mwenye haja zote mbili. Akizichanganya anaweza kusema: katika kiwanja hiki kuna uwezekano wa thelathini katika mia kwamba risasi imepita kiwango. Hasemi imepita. Wala hasemi haikupita. Lakini pia hanyamazi.

Hapo nikaona jibu la kwanza la kumpa kaka. Kutokuwa na uhakika si sawa na kutojua kitu. Mimi najua kazi iliyofanyika pale, najua ilidumu muda gani, najua maji ya betri yalimwagwa upande upi wa ukuta. Yule kijana hajui hata kimoja katika hivyo. Kusema "hatujui" wakati mmoja anajua yote hayo na mwenzake hajui lolote ni kuuficha ujuzi nyuma ya neno la unyenyekevu.

Kuna jambo jingine. Hicho "kiwango" chenyewe ni mstari uliochorwa na watu. Marekani mwaka 2001 iliweka kwamba udongo wa mahali watoto wanapochezea ukifikia miligramu 400 za risasi kwa kila kilo ni hatari. Januari 2024 wakala wao wa mazingira ukashusha kiwango cha kuanzia kuchunguza viwanja vya makazi hadi 200. Fikiria familia iliyokuwa kwenye miligramu 300. Jana yake ilikuwa upande wa kijani, siku ya pili ikawa upande mwekundu, na hakuna punje ya udongo iliyosogea. Kwa hiyo anayesema "haijapita kiwango, basi sina la kusema" anauegemeza wajibu wake kwenye mstari unaohama. Kuchora mstari ni lazima, bila huo hakuna kazi inayofanyika. Lakini mstari ni wa kusaidia kuamua, hauondoi wajibu wa kuamua.

Makosa mawili hayalingani

Sasa tuje kwenye hoja nzito zaidi ya kaka, ile ya yakini na shaka. Alinikumbusha tuliyofundishwa chuoni: mwenye udhu akiingiwa na shaka kama umetenguka, abaki kwenye udhu wake, maana yakini haiondolewi na shaka. Akaongeza kuwa ardhi asili yake ni tohara, hata tunatayamamu kwayo. Kwa nini basi tuuhukumu udongo kwa dhana?

Hoja hii si ya kudharauliwa. Inatukinga na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hata swala haimaliziki. Lakini naona imewekwa pasipo mahali pake, kwa sababu mbili.

Kwanza, tohara na usalama ni mambo mawili. Udongo ule unaweza kuwa tohara kwa kutayamamu na bado ukawa sumu kwa mtoto anayetambaa juu yake. Aliyeulizwa "je, ni tohara?" akajibu ndiyo, bado hajajibu "je, ni salama?"

Pili, tazama makosa yanayoweza kutokea na nani anayabeba. Tukisema pana hatari kumbe hapana, hasara ni ya fedha, na inatupata sisi tunaouza. Tukinyamaza kumbe hatari ipo, hasara ni ya akili ya mtoto, na inampata asiyekuwepo tulipokuwa tukijadiliana. Kosa la kwanza linarekebishika, kwa sababu tukipima tukakuta udongo ni mzuri, bei itarudi. La pili halirekebishiki. Katika shaka ya udhu, ukikosea umekosea katika ibada yako mwenyewe, na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Katika shaka hii, anayefaidika na ukimya ni mmoja na anayeadhibiwa nao ni mwingine. Ndiyo maana wanazuoni wakaweka kwamba kuzuia madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa.

Wengi wetu tunaijua habari ya Mtume (SAW) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione. Kaka akasema, "Yule alijua kuwa imelowa. Sisi hatujui." Nami namuuliza: je, mfanyabiashara aliyeiacha nafaka yake nje usiku wa mvua, akaamka asubuhi akajizuia makusudi asiguse chini ya chungu ili apate kusema hajui, tungemhesabu mkweli? Kutopima kwa hofu ya majibu nako ni aina ya kujua.

Hofu ya upande wa pili

Hata hivyo, msomaji, sitaki nionekane kama nasema kila mwenye shaka apande juu ya paa apige kelele. Ipo hatari ya upande huo pia, na inawapata wanyonge.

Chukua mboga za bonde la Msimbazi. Tangu mwaka 1999 kulichapishwa utafiti wa wataalamu wa hapa nchini kuhusu madini mazito katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Tangu hapo habari hizo huibuka na kuzama. Zikiibuka, utasikia mtu sokoni anasema mchicha wote wa mjini ni sumu. Mama anayeuza mafungu yake, ambaye pengine tuta lake liko mbali na maji yale machafu, anarudi nyumbani na ndoo imejaa. Shaka iliyotolewa bila mipaka imemla asiyehusika. Nayo hiyo ni dhulma.

Dawa yake si ukimya, bali ni kuitoa shaka pamoja na kipimo chake. Sema umejua nini, umejuaje, na ujuzi wako unakomea wapi. Kule Zamfara hawakutangaza kwamba jimbo zima limeharibika wala hawakunyamaza ili kulinda biashara ya dhahabu. Walikwenda na vipimo vya mkononi nyumba kwa nyumba, ua kwa ua, kwa sababu sumu haikuenea sawasawa. Mahali pengine ilifika zaidi ya miligramu 100,000 kwa kilo. Palipoharibika waliparua udongo wa juu, wakauzika mahali maalumu, wakaleta udongo safi. Vijiji vinane vilisafishwa hivyo, kuanzia 2010 hadi 2013. Madaktari walikuwa na msimamo mmoja: hakuna faida ya kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua ule ule. Usipojua ni ua upi, huwezi kuokoa hata ukiwa na dawa.

Ndiyo maana nasema kupima udongo na kuchora ramani yake si kazi ya maabara peke yake. Ni suala la uadilifu. Ramani iliyochorwa na kufungiwa kabatini inafanana na ushahidi uliofichwa. Katika miji yetu ni gereji ngapi za zamani, karakana za betri, viwanja vya vyuma chakavu na majalala ambayo leo yamejengwa nyumba, shule na madrasa? Wazee wa mitaa wanakumbuka kilichokuwepo. Kumbukumbu zao ni sampuli za mwanzo, hazigharimu hata senti, na wanazikwa nazo.

Tulivyoamua

Mwisho tulikwenda kwa mama mdogo, kwa kuwa yeye ndiye angeumia zaidi bei ikishuka. Kaka alimweleza upande wake, nami nikaeleza wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba yenu mdogo alikuwa akisokotwa na tumbo usiku, hadi analia. Tulisema ni ngiri. Tumekunywa miti mingi." Hakuna ajuaye leo kama ilikuwa risasi au ngiri kweli, wala mimi sidai kujua. Lakini akaendelea, "Kama lile jiko lilikuwa na la kusema, mwambieni huyo kijana. Mimi nilikuwa mama bila mtoto. Sitaki wa mwenzangu aumie kwa ajili ya robo yangu."

Nikampigia simu kijana akaja. Nilimwonyesha mahali jiko lilipokuwa, ukuta uliomwagiwa maji ya betri, na sehemu ya mbele ambako sikumbuki kazi yoyote kufanyika. Nilimwambia wazi kwamba hatujapima na kwamba huenda pasiwe na neno. Hakukasirika. Aliuliza ni hatua ngapi kutoka mwembe hadi mlango wa jikoni, akazihesabu kwa miguu yake, akanyamaza. Kisha akasema hatanunua mpaka majibu ya udongo yatoke, na kama ni mabaya, bei tuizungumze upya au asinunue kabisa.

Jumamosi iliyofuata mimi na kaka tulichimba mahali tisa, tukatia udongo kwenye mifuko tisa, na kila mfuko tukauandikia umetoka wapi. Kaka ndiye aliyeshika jembe. Alikuwa bado amenuna, lakini kila nilipotaka kuruka mahali penye mawe aliniambia, "Hapa pia. Usiache."

Ninapoandika haya majibu hayajatoka. Nyumba haijauzwa, na mama mdogo bado anasubiri haki yake, jambo ambalo linaniuma. Tuta la mchicha tumeling'oa. Inshaallah majibu yakitoka, mazuri au mabaya, atakayeyasoma kwanza ni yule kijana.

Wallahu a'lam.